Nafasi Chini ya Alumini

Zamani hizo, kabla kitu chochote hakijapewa mahali pake, elementi waliishi pamoja kama watu katika nchi ya Mwambani. Hao ndio waliounda kila tunachokiona: maji, mawe, majani, damu na moshi. Walikuwa na nyumba na mashamba, na walikuwa na baraza la kuamulia mambo yao. Kitu walichokosa ni utaratibu wa kuketi. Aliyewahi alikaa anapopenda, na aliyechelewa alijibanza palipobaki.

Jambo hilo laonekana dogo, lakini Mwambani halikuwa dogo. Sodiamu alikuwa kijana wa hasira za karibu. Tone la maji likimrukia, alilipuka. Klorini naye alikuwa na tamaa, hawezi kumwona mwenzake ana kitu asikinyakue. Siku wawili hao walipoketi bega kwa bega, moto ulipanda mpaka paani na baraza zima likateketea. Walikuwapo pia Heliamu na ndugu zake, ambao hawakushikana na mtu. Ukiwapa mkono walikutazama tu, mpaka unaurudisha mwenyewe kwa aibu.

Jumbe wa nchi alikuwa Dhahabu. Kutu haikumpata, mvua haikumfubaza, na moto ulimwongezea mng'aro tu. Kwa hiyo watu walipolia kuhusu moto yeye aliwasikia kama anayesikia habari za mbali. Alichokiogopa ni kimoja, kuchekwa na wageni. Wageni walipoanza kuiita nchi yake nchi ya majivu, ndipo alipomwita Bi Kaboni.

Bi Kaboni alikuwa mwanamke mweusi, mpole, mwenye mikono minne. Kwa mikono hiyo aliweza kushika wanne kwa pamoja, na hakuna aliyesuka ukindu kama yeye. Moto kwake haukuwa habari za mbali. Alijua kwamba Kaboni akiungua haachi mfupa. Hugeuka hewa, akapeperuka.

"Tusukie mkeka," Jumbe akamwambia. "Mkeka mmoja, kila mtu na nafasi yake. Moto usiwake tena."

Bi Kaboni akawaomba watu wote wapite mbele yake na mizigo yao kichwani, kwa sababu kila mtu wa Mwambani alizaliwa na mzigo wake, na hakuna mizigo miwili iliyolingana. Akaanza na Haidrojeni, ambaye mzigo wake ulikuwa kama unyoya, akaendelea mpaka kwa wale waliotembea huku magoti yanatetemeka. Kwa mpangilio huo akasuka ukili mmoja mrefu, utepe wa ukindu mwepesi mbele na mzito nyuma, na kila mtu akapata kipande chake.

Alipokuwa akisuka, akaona jambo. Tabia zilikuwa zikirudi. Alipopita mkimya asiyeshika mkono wa mtu, aliyemfuata alikuwa mwenye hasira za karibu. Kisha wakaja watulivu, kisha wenye tamaa, kisha mkimya tena, na baada yake mwenye hasira mwingine. Ilikuwa kama ua la mkeka linalojirudia kila baada ya mwendo fulani. Basi akafanya kama afanyavyo msusi yeyote aliyemaliza ukili. Aliukata kila alipopita mkimya, akaushona kipande chini ya kipande. Sodiamu akaangukia chini ya Lithiamu, hasira chini ya hasira. Klorini akaangukia chini ya Florini, tamaa chini ya tamaa. Wakimya wote wakawa ukingoni, mmoja chini ya mwingine, hawasumbui wala hawasumbuliwi.

Shida ilianzia ukili wa nne. Zinki alipokwisha kukaa, aliyefuata kwa mzigo alikuwa Aseniki, na nafasi iliyofuata ilikuwa chini ya Alumini. Bi Kaboni akamtazama Aseniki, akamtazama Alumini. Hawa hawakufanana hata kidogo. Aseniki alikuwa mtu wa ukoo wa Fosforasi, nafasi mbili mbele. Lakini kumpeleka huko kungeacha matundu mawili, na msusi gani huleta barazani mkeka wenye matundu? Akaona haya. Akawavuta watu wote wa nyuma, akayaziba.

Siku ya kuketi, kila mtu aliyekuwa nyuma ya Zinki alikuwa amesogea nafasi mbili. Aseniki alikuwa mahali si pake. Bromini alikuwa mahali si pake. Na Rubidiamu, ndugu yake Sodiamu na mwenye hasira kuliko Sodiamu mwenyewe, alijikuta ameketi chini ya Klorini. Klorini aligeuka akamwona, akanyoosha mkono.

Mlipuko ulisikika mpaka mashambani. Bi Kaboni alikimbilia mkeka wake kuuokoa, na kabla hajafika, ncha ya kidole chake ikawa moshi mbele ya macho yake. Alisimama akakitazama kidole kilichofupika, akaelewa kwamba moto ule ulianzia kwenye haya yake.

Akafumua. Akashona upya, na safari hii akayaacha matundu, moja chini ya Alumini na moja chini ya Silikoni. Watu wakaketi. Hakuna aliyelipuka. Sodiamu akapiga miayo, na watu wakashangaa, maana hawakuwahi kumwona Sodiamu akipiga miayo.

Jumbe Dhahabu peke yake hakufurahi. "Bi Kaboni," akasema, "huu ni mkeka au ni chujio la nazi?"

Watu wakacheka. Bi Kaboni akainamisha kichwa. "Jumbe, hizo nafasi zina wenyewe. Hawajafika tu."

"Wenyewe ni akina nani?"

"Majina yao siyajui."

"Huwajui, na umewawekea nafasi mbele ya wageni wangu!"

Hapo Bi Kaboni akajibu kwa sauti ndogo, lakini kila mtu aliisikia. "Wa chini ya Alumini namjua kidogo, kwa kuwa nawajua jirani zake. Mzigo wake ni mzito kuliko wa Zinki na mwepesi kuliko wa Aseniki. Atang'aa kama Alumini. Na kwa kuwa Indiamu aliye chini yake ni laini wa kung'atika kwa jino, huyu naye atakuwa laini. Joto dogo tu litamyeyusha."

"Haya!" Klorini akapaza sauti kutoka alipoketi. "Anamjua mpaka ulaini wa mwili! Tuambieni basi, ni mgeni au ni mchumba?"

Kicheko kikarindima. Uso wa Jumbe ukawaka, kwa maana aliona anachekwa yeye. Akanyanyua fimbo. "Sikilizeni. Baraza kuu lijalo, mwenye nafasi hiyo awe ameketi. Asipofika, msusi ataingia tanurini, na mkeka utavutwa uzibwe."

Hakuna aliyecheka tena.

Siku zikapita. Bi Kaboni aliamka mapema akasimama njiani, akitazama kila aliyekuja. Wengine walikuwa wapita njia, wengine walikuwa watu aliowajua waliotoka kuteka maji. Zinki, shoga yake wa miaka mingi, alimletea uji akamkuta hajaonja wa jana.

"Ziba tu, shoga," Zinki akambembeleza. "Mvute Aseniki, basi."

Bi Kaboni akamwonyesha kidole kilichofupika. Zinki akautua uji. Aliondoka, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Shaba, jirani yake wa mkekani.

Siku ya baraza kuu ikafika. Tanuri lilikuwa limewashwa tangu alfajiri, na Chuma, askari wa Jumbe, alisimama mlangoni pake, mkono wake mzito umetulia, macho yake hayataki kumtazama Bi Kaboni. Watu waliketi. Jua likapanda. Jumbe akauliza kama mgeni amefika. Akauliza tena.

Ndipo akatokea mtu njiani. Alikuwa mpana, amejifunika shuka kutoka kichwani, na mahali shuka lilipopeperuka aling'aa manjano mazuri. Akatembea taratibu mpaka kwenye nafasi iliyo chini ya Alumini, akaketi, akaijaza barabara.

Jumbe Dhahabu akainuka kwa furaha. "Tazameni rangi hiyo! Huyu anafanana na ukoo wangu. Karibu, mgeni, karibu sana! Chuma, zima tanuri."

Vigelegele vikapigwa. Bi Kaboni akataka kukaa chini alie. Alikuwa amepona. Akautazama mkeka wake mzuri, na macho yake, ambayo yalizoea kutafuta kasoro katika kazi, yakasimama hatua moja kabla ya mgeni. Nafasi ya Zinki ilikuwa tupu. Nafasi ya Shaba ilikuwa tupu.

Akapiga hatua, akainama kama anayemkaribisha mgeni. Chini ya shuka aliona miguu minne.

"Nyamaza, shoga," sauti ya Zinki ikanong'ona kutoka ndani. "Kubali tu, twende nyumbani."

"Mtakaa hivi mpaka lini?" Bi Kaboni akanong'ona.

"Daima, ikibidi," Shaba akajibu. "Tumeshikana vizuri. Hatuoni tabu."

Machozi yakamlenga. Hakuwahi kupewa zawadi kubwa kama ile. Lakini aliona pia kilichokuja nyuma yake. Walikuwa wameziba tundu moja, wametoboa mawili. Kesho mtu angeambiwa azizibe zile nafasi mbili, na kuvutana kungeanza, na mwisho wa kuvutana kule aliujua. Na yule mwenye nafasi, kama yupo, angefika siku moja akiwa amechoka na mzigo wake, akute pameketiwa na wawili ambao tayari wana pao.

Vigelegele vikafifia. Kisha akanyoosha mikono yake, akalishika shuka, akalivuta.

Watu wakaguna. Zinki na Shaba walikuwa wamekumbatiana mbele ya baraza zima.

"Jumbe," Bi Kaboni akasema, "hawa ni wawili. Nafasi hii ni ya mmoja."

Klorini hakuweza kujizuia. "Ukoo wa Jumbe huo, na una miguu minne!"

Hapo kicheko kikawatoka watu bila kutaka, na Dhahabu akagonga fimbo chini kwa hasira. "Mwingizeni! Mwingizeni sasa hivi!"

Chuma akamshika. Wakatembea. Joto likaanza kumgusa usoni, kisha mikononi. Akakisikia kile kidole kifupi kikiwasha tena, kama kinachokumbuka. Bado alikuwa na shuka la Zinki mikononi, akaliachia ili lisiungue naye. Shuka likaanguka, na kutoka katika pindo lake akadondoka mtu.

Alikuwa mdogo sana, mweupe wa kung'aa, na alijishikilia mzigo wake kwa haya.

"Samahani," akasema, akitazama chini. "Ile nafasi... bado haina mtu?"

Zinki akajishika kichwa. "Wewe! Umetoka wapi?"

"Naishi kwako, mama. Siku zote naishi kwenye pindo lako. Sikutaka kukusumbua."

"Na mbona hukusema, mwanangu, tunakutafuta mpaka mtu anataka kufa?"

"Nilisikia inatafutwa nafasi ya mgeni wa Jumbe. Nikadhani ni ya mtu mkubwa. Na leo nilipoona imekaliwa, nikajua si yangu."

Jumbe akaamuru mizani iletwe. Akawekwa Zinki upande mmoja na yule mdogo upande wa pili, na mdogo akashuka. Akawekwa Aseniki, na mdogo akapanda. Wakajaribu kumtenganisha, asije akawa wawili kama Zinki na Shaba, lakini hapakuwa na pa kuanzia. Alikuwa mmoja.

"Jina lako nani?" Bi Kaboni akamwuliza.

"Galiamu."

Akampa mkono wa kumkaribisha, mkono ambao ulikuwa bado na joto la tanuri. Galiamu akaupokea, na hapo hapo, mbele ya Dhahabu na wote waliokuwa wamecheka, akayeyuka kiganjani mwake kama siagi, akang'aa kama tone la umande. Bi Kaboni akamchukua hivyo hivyo, kwa uangalifu, akamweka chini ya Alumini. Kivulini pale akapoa, akakaza, akaketi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Zinki akapiga kelele, na mkeka mzima ukaitikia.

Jumbe Dhahabu akalitazama lile tundu la pili, chini ya Silikoni. Akafungua mdomo. Bi Kaboni akamtazama, wala hakuinamisha kichwa. Jumbe akafunga mdomo, akamwashiria Chuma alizime tanuri.

Na tangu siku hiyo elementi hukaa kama walivyoshonewa, mzigo ukipanda kutoka kushoto kwenda kulia, na wa tabia moja wakiwa chini kwa chini. Mwenye nafasi ya pili alikuja baadaye, na hakuna aliyemngoja kwa fimbo. Kwa sababu ukili wa nne ulitoka mrefu kuliko wa juu, mkeka ule una pembe mbili na bonde katikati, na ndivyo ulivyochorwa kwenye kuta za madarasa hadi leo. Wakimya wako ukingoni, hawashiki mkono wa mtu. Shaba na Zinki bado wanaketi bega kwa bega, na wakikumbatiana huwa manjano, na wapo wanaodanganyika kwamba ni dhahabu.

Na upindo wa chini wa mkeka Bi Kaboni hakuufunga. Aliacha nyuzi zikining'inia, kwa ajili ya yule ambaye hajafika.