Kwa Nini Kuna Wasichana Waitwao Sikujua

Siku hizi mzazi huchagua jina la binti kama achaguaye kanga dukani, hili zuri, hili halinipendezi. Zamani sana, huko Mbononi, majina hayakuchaguliwa. Mtoto akishalia kilio cha kwanza, neno la kwanza kutamkwa na yeyote aliye karibu ndilo lililokuwa jina lake, na jina likishaanguka haliokotwi. Ndiyo maana palikuwa na mama aitwaye Mvua, na mama mkwe wake aliitwa Bi Kaniki, kwa kuwa mkunga aliagiza kaniki ya kumpokelea.

Mvua alikuwa na mabinti wawili. Mimba ya tatu ilipoingia, Bi Kaniki alijiaminisha kwamba safari hii ni mvulana, wa kushika jembe la marehemu mumewe. Siku ya uchungu alikaa mlangoni tangu asubuhi. Mtoto akalia. Bi Kaniki akachungulia, akaona ni msichana, ulimi ukamponyoka.

"Tena?"

Basi, likawa jina. Mvua alimtazama mama mkwe wake, akamvuta mtoto kifuani.

Tena akakua, na watoto wenzake hawakumwonea huruma: "Tena, njoo tena!" Lakini hakuna aliyempenda Bi Kaniki kama yeye. Ndiye aliyemchotea maji, ndiye aliyemkanda miguu. Husemwa majuto ni mjukuu; ya Bi Kaniki yalikuwa na miguu, yakimletea uji kila asubuhi.

Siku moja, wakichambua mchicha, mtoto akauliza, "Bibi, ni kweli mlinichoka hata kabla hamjaniona?"

Bi Kaniki angeweza kudanganya. Angesema walitamani wengine kama yeye. Machozi yakamlengalenga.

"Sikujua, mjukuu wangu," alisema. "Sikujua kuwa ni wewe."

Tena aliendelea kuchambua mchicha.

Miaka ikapita, Tena akaolewa mbali, mwendo wa siku mbili. Habari ilipofika kwamba karibu atajifungua, Bi Kaniki alishika mkongojo akaenda, mzee vile. Uchungu ulipoanza, alipiga funda la maji akalishikilia mdomoni, mashavu yamemvimba, asije akaharibu tena. Mtoto akalia: msichana. Bi Kaniki hakufungua kinywa.

Tena alimtazama bibi yake. Kisha akamtazama mtoto, akatamka, "Sikujua."

Kama lilikuwa neno la kusamehe au la kumsuta, Bi Kaniki hakuthubutu kuuliza. Aliyameza yale maji, akanyoosha mikono apewe mtoto. Akapewa.

Na tangu siku hiyo, bibi wa Mbononi akingoja mjukuu mlangoni hukaa na maji mdomoni mpaka mama mzazi aseme. Tangu siku hiyo pia kuna wasichana waitwao Sikujua. Ukikutana na mmoja wao, mwite polepole, maana kuna bibi aliyelia kabla yake.