Kilemba cha Mjomba

Sogeeni karibu. Hadithi hii nikiisimulia mimi, hata kuku husahau kulala. Akiisimulia mwingine, ni uzushi.

Pale Ngamiani, Tanga, palikuwa na mafundi watatu wa plastiki, karakana moja. Kibwana alikuwa na sikio: akiigonga plastiki kwa ukucha, anasikia palipo nene. Shemhilu alikuwa na mkono mwepesi kama wa mwizi wa mayai. Makame alikuwa na shavu: kikwaruzo kisichoonwa na jicho, shavu lake linakikamata.

Asubuhi ya harusi ya bintiye, Bi Mwanaidi aliletwa amebebwa. Mguu wake mpya wa bandia ulikuwa wa plastiki, na ukingo wake wa juu ulimkata paja kama msumeno. Nanyi mnajua, kwetu bibi harusi hatoki mpaka mjomba avikwe kilemba. Kaka yake Bi Mwanaidi alishafariki.

Mama huyo akaapa: "Atakayenifikisha kwa mwanangu kwa miguu yangu, kilemba ni chake. Mwanangu atamwita mjomba mpaka kufa."

Ngoma za kina bwana harusi zikaanza kusikika.

Kibwana akagonga, ko, ko, akachora mstari: hapa pasagwe, pale pakiguswa patapasuka.

Shemhilu akawasha mashine ya kusaga kingo. Wenzake wakamhimiza akandamize, akakataa. Plastiki ukiikandamiza kwenye kisu kinachozunguka hupata moto, huyeyuka, hugandia hapo hapo vibaya kuliko mwanzo. Akawa anagusa, anaiacha ipoe, anagusa tena, na ngoma zinakata kona.

Alipozima mashine, Makame akapitisha shavu. "Bado." Wakamcheka, eti anatafuta kubusu mguu wa mama wa watu. Akavunja kioo, akaukwangua ukingo kwa kipande mpaka shavu likateleza.

Bi Mwanaidi akavaa, akasimama, akaenda kwa miguu yake hadi kwa mwanawe, mafundi nyuma. Vigelegele, jamani!

Mlangoni kwa bibi harusi washenga wameshika kilemba, wanauliza mjomba ni yupi.

"Bila mstari wangu mngeupasua," akasema Kibwana.

"Mstari haujawahi kusaga kitu, ndugu yangu," akajibu Shemhilu.

Makame akapangusa damu shavuni, pale ukingo ulipomkwaruza. "Bila shavu langu mngemleta kabebwa vile vile."

Bibi harusi akachungulia pazia. "Mama, nimwite nani mjomba?"

Mimi jibu ninalo, ila nikilitoa mtalala mapema. Haya, wewe: washenga wanakohoa, ngoma zimenyamaza, kilemba ni kimoja. Ungekiweka kichwani mwa nani?