Kitambaa cha Bi Mwanjaa na Madaktari Watatu

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, alikuwepo mfumaji wa vitambaa vya meza, Bi Mwanjaa. Akakohoa mwezi, akakohoa wa pili. Hospitalini wakampa dawa za kifua kikuu, kikohozi hakikuondoka. Basi wakamtoa kinyama cha pafu, kidogo kuliko punje ya mchele, kikakatwa chembamba, kikapakwa rangi, kikalazwa juu ya kioo kisomwe kwa hadubini.

Hospitali ile ilikuwa na desturi yake. Fundi wa maabara alibadili namba ya kioo, akakirudisha kimyakimya kwa daktari yuleyule, aone kama jicho lililosema jana litasema vilevile leo. Mimi nisingekubali kupimwa hivyo. Madaktari wa pale waliomba wenyewe, na kwa hilo nawavulia kofia.

Daktari Mshangama akasoma: saratani, ya chembe ndogo, ile inayotibiwa kwa dawa kali badala ya kisu. Kioo kikarudi: saratani, ya chembe ndogo. Kikarudi tena: vilevile, hakuyumba.

Daktari Ndeshi akasoma: saratani, ya chembe ndogo. Kioo kikarudi: saratani, ya chembe kubwa. Alipoambiwa ni kioo kilekile, akaandika kwa mkono wake: "Nimejipinga. Matibabu yasubiri."

Daktari Mbelwa akasoma, akasema: "Kwa kinyama hiki, aina yake siijui. Leteni kingine."

Kikaletwa. Safari hii wote watatu wakaona chembe kubwa, ile inayoondolewa kwa kisu kama haijasambaa. Haikuwa imesambaa. Bi Mwanjaa akapasuliwa, akapona, akashika tena sindano yake ya kufumia.

Baada ya miezi mitano akaja na kitambaa kimoja, cheupe, kizuri mno.

"Mpe Ndeshi, mama," akasema Mshangama. "Mimi sikuyumba, lakini aina niliikosea mara zote tatu. Asingekiri, ungetiwa dawa isiyo yako."

"Mpe Mbelwa," akasema Ndeshi. "Mimi nilisimamisha tu. Jibu alilitafuta yeye."

"Mpe Mshangama," akasema Mbelwa. "Tulipopishana majibu, wodini walitaka kukurudisha nyumbani na vidonge vya kifua kikuu. Ni yeye aliyewafuata, akagoma kutoka mpaka wakubali kwamba saratani ipo. Bila hivyo, kinyama cha pili ningekitoa kwa nani?"

Bi Mwanjaa akabaki nacho mkononi. Kitambaa cha kufuma ukikikata, kinafumuka chote.

Haya, mnaosikiliza, msinitazame mimi. Angekuwa mama yenu, kitambaa kile mngekitandika mezani kwa nani?