Kicheko cha Kisimani

Usitoe kanda kwa kusoma kasha.

Jana mlimsikia Mama Chausiku akimwambia mwanawe maneno hayo, mkacheka, mkadhani ni ya wahenga wa zama za mababu. Kumbe methali yenyewe haijatimiza hata miaka thelathini. Haikutoka mbali. Ilitoka hapa hapa Korogwe, na aliyeisema mara ya kwanza nilikuwa nimesimama ubavuni pake. Kaeni vizuri, na wewe zima hiyo simu. Wapo wanaosema ni ile ya usiache mbachao kwa msala upitao, imevishwa suruali tu. Si kweli. Mbacha wake mtu huuacha kwa tamaa, na Mahimbo hakuwa na tamaa.

Miaka hiyo tulikuwa watu wanne tuliokusanya filamu za kutisha. Mji mzima ulitucheka, na wake zetu ndio waliocheka zaidi. Walituita Chama cha Majinamizi. Tulikutana kwangu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, mapazia yamefungwa, deki ya video iko juu ya kabati, tukitazama wafu wanaotembea huku tumeshika vikombe vya chai. Tukimaliza kutazama tulikuwa na kazi ya pili, nayo ni kuzilaani kampuni zilizotoa filamu hizo. Zilitutesa kweli. Utangoja mwaka mzima filamu moja, ije na picha ya filamu nyingine kwenye kasha. Muziki wa mwanzo umebadilishwa. Picha imekatwa kandokando ili ienee kwenye runinga, basi mzimu aliyesimama pembeni humwoni ila kiwiko. Mwaka unaofuata wanaitoa filamu ile ile kwa kasha jipya, wanaapa kwamba sasa ndiyo kamili, na wewe mjinga unaichukua tena. Nasema mjinga kwa sababu wa kwanza kwenye foleni nilikuwa mimi.

Chama kilikuwa na sheria mbili, zote nilizitunga mimi. Ya kwanza, hatunakili. Nakala kwetu ilikuwa haramu. Mtu ana kanda halisi au hana. Ya pili, kasha lililokuja limefungwa kwa nailoni halifunguliwi ovyo, kwa sababu likishafunguliwa limekuwa mtumba. Kila mmoja wetu alikuwa na makasha ambayo hajawahi kuyafungua, anayajua kwa kuyasoma tu. Leo nikiwaeleza naona aibu, lakini siku zile tuliona huo ndio ustaarabu.

Mahimbo alikuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge. Mtu mpole, mrefu, mwenye kuvaa shati la mikono mirefu hata wakati wa joto. Sisi wengine tulikusanya kwa kijicho cha kushindana. Yeye alikuwa na filamu moja tu moyoni. Nyingine alizikusanya ili asionekane wa ajabu. Filamu hiyo ilikuwa na jina refu la kigeni, sisi tuliiita Kisima.

Kisima ilipigwa picha katika shamba lile lile la mkonge, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wageni walikuja na mashine zao za kupigia picha, wakakaa miezi miwili, wakaajiri vibarua kusimama nyuma ya waigizaji. Miongoni mwa vibarua alikuwamo mke wa Mahimbo, Sikudhani, aliyekuwa akianika singa za mkonge kwenye kamba. Wakamsimamisha kisimani na ndoo. Alitakiwa ateke maji, kisha mkono wa mfu utoke kisimani umkamate. Lakini kabla ya mkono kutoka, yule bwana wa mashine aliteleza akakaa kwenye tope, na Sikudhani akacheka. Si kicheko cha kuigiza, ni chake. Wageni wakakipenda, wakakiacha humo. Sekunde arobaini: binti anacheka, anajifuta macho kwa pembe ya kanga, anainama kuvuta kamba. Kisha mkono.

Miaka miwili baadaye Sikudhani alifariki siku aliyomzaa Mwajabu. Picha yao ya harusi, iliyokuwa moja tu, ilikwenda na mafuriko ya mto. Mwajabu akakua bila kumjua mama yake hata kwa sura, mpaka mhandisi mmoja wa shambani alipokuwa anarudi kwao akamwachia Mahimbo kanda ya Kisima. Tangu hapo kila sikukuu baba na binti walikaa mbele ya runinga, wakaenda moja kwa moja kisimani. Na kila mara, kabla ya mkono kutoka, Mahimbo aliisimamisha picha. Mwajabu alikuwa mtu mzima, ameolewa Handeni, ana mtoto, na bado alikuwa hajauona ule mkono.

Sasa sikilizeni jambo ambalo nyinyi wa siku hizi hamlijui. Kanda ukiisimamisha, mashine inaendelea kuikwaruza pale pale iliposimama. Ukiisimamisha mahali pamoja kwa miaka kumi na tano, mahali hapo panalika. Filamu nzima ya Mahimbo ilikuwa safi isipokuwa usoni pa mkewe. Michirizi myeupe ilikuwa imeanza kumshukia, kwanza kwenye paji, halafu machoni. Mwisho uliona meno tu, na kicheko kinakwama kama mtu mwenye kwikwi. Mahimbo alijua ni yeye anayemfuta. Aliniambia hivyo, akiwa anaangalia chini: "Singano, nikimtazama namla, nisipomtazama namkosa."

Ndipo likaja tangazo. Kampuni ile imeitoa Kisima upya, kwenye diski, picha imesafishwa, sauti imesafishwa, filamu nzima pamoja na dakika ambazo hazijawahi kuonekana. Sharti lao lilikuwa kwamba mwenye kanda ya zamani aipeleke kwa wakala, naye atapewa diski kwa kubadilishana. Kanda za zamani zitateketezwa, zisibaki mitaani. Wakala wetu alikuwa Mhando, mwenye duka la redio karibu na stendi.

Nilikwenda na Mahimbo. Alikuwa ameifungia kanda yake ndani ya kanga ya Sikudhani, ile ile iliyomo kwenye filamu, imepauka kabisa. Mhando akampa kasha la diski. Lilikuwa zuri, nisiwadanganye. Jeusi, kisima katikati, maandishi ya fedha, nailoni imekaza bila kikunyanzi. Mahimbo hakulisifu.

"Bwana Mhando," akasema, "yule binti anayecheka kisimani yumo humu?"

"Mzee, imeandikwa filamu nzima."

"Maandishi nimeyaona. Nauliza binti."

"Mimi wakala tu, mzee wangu. Sijatazama hata moja."

Mahimbo akaingiza ukucha kwenye ukingo wa nailoni. "Basi nifungue hapa hapa, uitie kwenye mashine. Nikimwona, nakuachia kanda yako naondoka."

Mimi nikamshika mkono. Mkono huu huu.

"Usiichane," nikamwambia. "Hili ni toleo la kwanza. Unaliharibu kwa wasiwasi wa bure?" Nikalichukua kasha, nikavaa miwani, nikaligeuza nyuma nikasoma kwa sauti, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mjuzi wa chama. "Dakika tisini na nne. Kanda yako ina ngapi?"

"Tisini na nne."

"Sasa huyo binti atakuwa ametoka kwenda wapi?"

Mhando akacheka, na Mahimbo akatabasamu kidogo, kwa aibu ya mtu aliyeonekana mshamba mbele ya wenzake. Akaifungua kanga, akaiweka kanda mezani. Kanga akaikunja, akaitia mfukoni.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika Idd. Angeweza kuifungua diski siku ile ile nyumbani, na kama angeifungua, kanda ilikuwa bado iko dukani kwa Mhando, chini ya meza. Hakuifungua. Aliifuata sheria yangu. Aliliweka kasha juu ya kabati na nailoni yake, akisema litafunguliwa na mjukuu, Siku mdogo, aliyepewa jina la bibi yake na ambaye mwaka huo alikuwa ametimiza miaka saba. Mwajabu alikuwa amemwahidi kwamba safari hii atamwona mwenye jina lake, tena uso mzima.

Siku ya Idd, baada ya pilau, tulikaa sebuleni kwa Mahimbo: yeye, Mwajabu, mtoto, na mimi niliyealikwa kwa heshima ya ushauri wangu. Siku mdogo akaichana nailoni kwa meno. Picha ilipotokea, Mwajabu alishika mdomo. Sijapata kuona usafi kama ule. Ungeweza kuhesabu miiba ya mkonge. Mahimbo akanigusa goti kunishukuru, nami nikavimba kichwa.

Akasogeza hadi kisimani. Alikuwa ameshika rimoti kwa mikono miwili, kidole gumba tayari. Kisima kikatokea, ndoo ikatokea, mgongo wa mwanamke aliyeinama. Na pale pale, kabla hatujavuta pumzi, mkono ukatoka ukamfunika uso wote, ukamvuta chini. Mayowe safi kabisa. Kisha mwigizaji mmoja wa kigeni yuko kitandani anaamka.

Kicheko hakikuwemo. Walikuwa wamekikata. Watu wa siku hizi hawana subira, nadhani walifikiri, na mwanamke anayecheka kisimani anachelewesha hofu. Walichokiacha ni mkono.

Mahimbo aliirudisha. Mara ya pili kidole kilichelewa tena, mkono ukatoka tena. Mara ya tatu Mwajabu akasema, "Baba, basi," kwa sauti ya chini. Hakuwa amewahi kumwona mama yake akifa, na sasa alikuwa amemwona mara tatu.

Siku mdogo alikuwa amejibana kwenye kochi. "Mama," akauliza, "bibi ndiye yule mwenye mkono?"

Uso haukuonekana, mkono ulionekana mpaka kucha. Mtoto alikuwa ametafuta bibi yake kwenye picha, akachukua alichokiona.

Filamu ile tuliipima kwa saa ya ukutani. Ilikuwa dakika themanini na saba. Zile tisini na nne walizinakili kutoka kasha la zamani, bila kujali. Na dakika ambazo hazijawahi kuonekana, ambazo ziliwekwa pembeni, nje ya filamu yenyewe, ni mwigizaji yule wa kigeni akichanwa nywele.

Tulikwenda kwa Mhando jioni ile ile, tukamtoa kwenye pilau yake. Mhando si mtu mbaya. Alisema aliambiwa azichome kanda zote, akaona ni hasara, akawapa wakulima wa mpunga wa Mombo. Walizichukua siku kumi zilizopita. "Wanazitumia kuamia ndege," akasema. "Zinavuma vizuri."

Kesho yake tulikwenda Mombo wote wanne tuliokuwa sebuleni. Tepe zilikuwa zimetandwa juu ya majaruba kutoka kijiti hadi kijiti, nyeusi, zinameremeta, mbali kuliko nilivyoweza kuona, na upepo wa milimani ulikuwa ukizipiga zikilia. Kwelea walikuwa wakija kundi zima, wakifika juu ya sauti ile wanageuka. Mama mmoja mwenye shamba alitukaribisha vizuri. Mahimbo akamwuliza ya Kisima ni ipi. Yule mama akasema makasha walitupa, tepe wakaziunga zote, hajui ipi ni ipi, kisha akatuuliza kama tunataka mahindi ya kuchoma.

Mwajabu alitembea juu ya tuta hadi mwisho na kurudi, mkono umeinuliwa, anazigusa tepe anapopita. Jua lilikuwa limeshazikausha, nyingine zimechanika. Aliporudi alisimama mbele ya baba yake.

"Baba, alikuwa anacheka vipi?"

Mahimbo akafungua kinywa amwonyeshe. Akajaribu. Hakikutoka kitu. Miaka yote ile hakuwa na haja ya kukikumbuka kicheko, kwa kuwa kilikuwa kabatini. Akafunga kinywa, akanigeukia mimi. Nilitamani anitukane. Ningeshukuru.

"Singano," akasema taratibu, "ulisoma vizuri. Hukukosea hata neno moja. Lakini usitoe kanda kwa kusoma kasha."

Hayo ndiyo yote aliyoniambia siku ile, na hakuyarudia tena hadi alipofariki. Mimi ndiye niliyeyarudia. Niliyarudia kwa wenzangu wa chama siku tulipokivunja, wao wakayapeleka sokoni, soko likayapeleka kwa Mama Chausiku, na sasa yanasemwa juu ya wachumba na viwanja na kazi za mjini. Sawa. Yanafaa huko kote. Wiki ile ile niliyafungua makasha yangu yote yaliyokuwa na nailoni, na sita kati yake ndani yalikuwa na kitu kingine kabisa.

Mwajabu alikata kipande cha utepe siku ile, urefu wa mkono, kutoka popote mkono wake ulipofika. Anacho mpaka leo, ndani ya kanga ya mama yake. Hajui kama ni mama yake anayecheka au ni jinamizi la mtu mwingine, na mashine ya kumwambia haipo. Mwaka jana nilimtembelea Handeni, akanitolea nikishike. Nilikishika kidogo, nikamrudishia.

Kwa hiyo mkiisema, msiseme wahenga walisema. Mahimbo alisema, na aliyeambiwa ni mimi: usitoe kanda kwa kusoma kasha.