Nani Ataje Jina la Fundi

Du.

Mlio mmoja wa ngoma, usiku, mtaa wa Mji Mpya, Morogoro. Majirani walisubiri wa pili. Ulichelewa kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema jambo zito, ndipo ukaja.

Hivyo ndivyo fundi mmoja wa muziki wa kufokafoka alivyotengeneza midundo yake. Leo pengo lile kati ya mlio na mlio limo katika nyimbo za harusi, za kampeni, hata za watoto wanaoruka kamba. Nchi nzima inacheza kazi ya mkono wake bila kumjua, kwa sababu maprodyuza wenzake hutajwa mwanzoni mwa wimbo, na yeye hakutaka kutajwa.

Alikufa kwa ugonjwa wa figo akiwa na miaka thelathini na nne. Aliacha wimbo mmoja ambao haujatoka, na watu watatu wenye vipawa: Tekla mkewe, asiyetishika, Shomari rafiki yake, ambaye mikono yake hufufua mashine, na Nuru, mwimbaji asiyesahau alichokisikia hata mara moja.

Mvua za Aprili ziliijaza studio maji. Tekla aliweza kubeba kitu kimoja tu. Akaliacha sanduku lenye picha zote za harusi yake, akatoka na kompyuta yenye wimbo ule kichwani, maji yakimfika kifuani.

Kompyuta haikuwaka. Diski yake ilihitaji kipuri kutoka diski nyingine ya aina ileile, na Shomari alijua ilipo moja tu: yake mwenyewe, yenye midundo yake ya miaka sita. Akaifungua. Kazi yake ikapotea, ya fundi ikapatikana.

Ilipatikana vipande vipande, arobaini na kitu, bila mpangilio. Daktari alikuwa amemkataza Nuru kuimba kwa sababu ya koo. Hata hivyo aliimba wimbo wote, aliousikia mara moja fundi akiwa hai, kutoka kichwani, siku tisa, mpaka kila kipande kikarudi mahali pake. Sasa sauti yake inakwaruza, na sauti za juu hazifikii tena.

Wakakubaliana kwamba safari hii jina litajwe, tena kwa sauti ya mtu mmoja, maana tatu zikipandana halisikiki. Kila mmoja aliitaka nafasi hiyo. Tekla alisema yeye ndiye mke.

Shomari akatabasamu bila furaha. "Shemeji, wewe ulimwita Baba Jenista. Jina lake lilikutoka mdomoni lini?"

"Na wewe ulimwita Fundi," Tekla akajibu. "Nuru alimwita Kaka. Sote tumemlilia, na hakuna aliyewahi kumwita kwa jina."

Ilikuwa kweli.

Aliyekuwa akimwita kwa jina ni baba yake, Mzee Kobelo, mwalimu wa kwaya ya parokia. Naye aliacha miaka kumi na moja iliyopita, siku mwanawe alipoihama kwaya akafuata kufokafoka. Tangu hapo alimwita "yule wa mashine". Hata makaburini alisema hivyo.

Mchana huohuo Mzee Kobelo akabisha hodi. Vijana wa kwaya walikuwa wamemwambia kwamba makofi yenye pengo waliyopiga kanisani, aliyoyasifu Krismasi nzima, yalitoka kwa mwanawe. Aliomba kusikia. Wakamwekea wimbo, akasikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi, mpaka mwisho. Maiki waliyoiwasha kwa ajili ya jina ilikuwa bado inarekodi. Mzee akaisogelea, akaita kwa upole, kama anayemwita mtoto aje kula:

"Odilo."

Hakuna aliyeifuta sauti hiyo, wala aliyesema ibaki. Tekla, Shomari, Nuru, au mzee ambaye hakuokoa chochote: je, wewe ungeamua nani alitaje jina?