Korongo Waliomezwa na Kutu

Bandu bandu huisha gogo. Wahenga waliitunga methali hii kwa ajili ya watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayemega mali yake kidogo kidogo akidhani haitakwisha, huyo methali humwonya. Wa pili ni yule aliyesimama mbele ya kazi kubwa akiwa na kishoka kidogo, moyo ukamfa kabla hajapiga pigo la kwanza. Huyo humshika mkono. Kisa hiki ni cha huyo wa pili.

Mzee Tokunaga Iwao aliishi katika mji mdogo kando ya mto Kuma, kusini mwa Japani. Maisha yake yote ya kazi alisambaza barua kwa pikipiki ya posta, na akiba yake yote aliitumia kukusanya vitu vya kale vya madini. Alikuwa na vyombo vya maua vya shaba nyeusi na vyetezo vya kufukizia ubani, lakini mapenzi yake hasa yalikuwa kwa tsuba, vile visahani vya chuma vinavyokaa kati ya mpini wa upanga na makali yake ili kukinga mkono. Alikuwa na tsuba thelathini na moja. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa na korongo wawili waliokatwa katika chuma chenyewe, wamekunja shingo na kukutanisha mabawa. Aliinunua mwezi wa harusi yake kwa fedha zilizowekwa kwa ajili ya safari ya fungate. Mkewe Fumie, ambaye sasa ni marehemu, aliwaambia wageni kwa miaka thelathini kwamba fungate yake aliila juu ya kisahani cha chuma.

Mwezi wa Julai mvua zilinyesha kama mbingu zimetoboka. Mto ukapanda hadi dari la nyumba yake, iliyokuwa chini kando ya maji. Mzee Iwao alikuwa salama kwa binti yake Nobue, aliyekaa mlimani, lakini kabati la tsuba lilizama. Maji yalivimbisha mbao, na droo zikagoma kufunguka kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili zilipofunguka, vyombo vya shaba vilioshwa vikawa kama zamani. Chuma hakikuwa na bahati hiyo. Tsuba zote zilikuwa nyekundu, zimevimba kama mikate iliyoungua. Korongo hawakuonekana kabisa.

Chuma cha kale kina ngozi yake nyeusi, ambayo mfua chuma huianzisha na viganja vya wamiliki huilea kwa mamia ya miaka. Kutu nyekundu huila ngozi hiyo usiku na mchana, bila kuchoka wala kupumzika. Kwa kubandua, kutu haina mpinzani.

Mwezi uliofuata akaja Bwana Shirouzu, muuza vitu vya kale kutoka mjini Kumamoto, akiwa amebeba tikiti la kumpa pole mzee. Walifahamiana tangu ujana.

"Niuzie zote," alisema baada ya kuzitazama. "Bei haitakufurahisha, lakini mimi ninayo dawa. Natumbukiza asubuhi, jioni natoa, napaka rangi nyeusi. Watalii hawatajua."

"Wewe utajua," alisema Mzee Iwao.

"Mimi nina wajukuu watatu ninaowasomesha, mzee mwenzangu. Najua mambo mengi nisiyoyasema. Nitapita tena mpunga ukishavunwa. Fikiria."

Mzee Iwao hakufikiria. Alikaa mbele ya ukuta wa sebule ya binti yake tangu asubuhi hadi jioni, supu ikipoa mbele yake. Alikuwa ameshaamua moyoni kwamba Shirouzu achukue zote, pamoja na korongo.

Nobue hakuwahi kuzipenda tsuba. Utotoni alizionea wivu, kwa sababu Jumapili za baba yake zilikuwa zao. Lakini aliogopa ule ukuta kuliko alivyozichukia. Jioni moja aliporudi kutoka kliniki ya meno, ambako kazi yake ilikuwa kusafisha vinywa vya watu, aliichukua ile ya korongo akaiweka chini ya taa.

"Huu ni ukoga," alisema. "Ukoga wa mtu ambaye hajaja kliniki miaka ishirini. Nautoa kila siku." Akafungua mkoba wake na kutoa kijichuma chembamba chenye ncha.

"Usiguse na hicho," baba yake alisema, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza siku hiyo. "Chuma kwa chuma utawatia makovu. Inatakiwa pembe ya kulungu. Pembe ni laini kuliko chuma na ngumu kuliko kutu."

"Kumbe unajua."

"Kujua najua."

"Unajua, halafu umekaa unaangalia ukuta wangu. Una picha gani huo ukuta?"

Mdomo ulimcheza mzee kidogo.

Kesho yake Nobue alileta kipande cha pembe kutoka kwa mwindaji mmoja, mgonjwa wake wa kliniki. Wakapatana: kila asubuhi kabla ya chai, sehemu isiyozidi ukucha wa kidole kidogo. Ikiwa hadi Shirouzu anarudi ngozi nyeusi haitakuwa imeonekana, zote zitauzwa.

Mzee Iwao akachonga ncha ya pembe, akaanza kusukuma kutu, kisha kupangusa kwa kitambaa cha pamba. Vumbi jekundu lilianguka juu ya gazeti kama pilipili ya kusaga. Siku ya kwanza hakikuonekana kitu, wala siku ya tano, wala ya tisa. Siku ya kumi subira ikamshinda. Nobue alipokuwa kazini, alichukua tsuba nyingine isiyo na mapambo akaitumbukiza katika bakuli la siki ya plamu. Jioni aliitoa. Kutu ilikuwa imeondoka yote, lakini ngozi nayo imeondoka. Kilichobaki kilikuwa cha kijivu, uchi, kama samaki aliyeparwa magamba. Baada ya siku tatu kutu ilirudi, safari hii ikiingia moja kwa moja hadi nyamani.

Aliiweka mezani mbele ya binti yake kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Wagonjwa wangu nao hununua unga wa kung'arisha meno," alisema Nobue akimwongezea wali. "Wanang'aa wiki moja, halafu wanakuja kwangu wanalia. Kula, Baba."

Akala. Asubuhi akaishika tena pembe.

Siku ya ishirini na sita, chini ya kitambaa, doa jeusi lilitokea, dogo kama punje ya ufuta, likiwa na mng'ao wa ndani kama jicho la ndege. Mzee Iwao aliweka pembe chini. Aliondoka, akatembea hadi bustanini, akarudi, akatazama tena. Lilikuwepo. Tangu hapo aliamka kabla ya jogoo wa jirani, na Nobue akawa anamkumbusha kwamba mapatano yalikuwa ukucha wa kidole kidogo, si kiganja kizima.

Kufikia mwisho wa Oktoba, korongo wa kulia alikuwa ametoka mzima: mdomo, shingo, bawa lenye vishimo viwili ambavyo kutu ilivila na visingerudi tena. Wa kushoto alikuwa bado ndani ya wekundu, kimeonekana kisigino chake tu.

Mpunga ulivunwa, na Bwana Shirouzu akarudi. Aliishika tsuba kwa kitambaa, akaielekeza dirishani, akakaa nayo muda mrefu.

"Huyu yuko hai," alisema mwishoni. "Niuzie hii moja. Nitakupa mara kumi ya bei ya zote. Huyo wa pili nitammaliza mwenyewe, na kwa ajili yako sitatumia dawa."

Hiyo ilikuwa fedha ya kuweka sakafu mpya katika nyumba ya chini, na wote watatu walijua. Mzee Iwao aliigeuza tsuba mikononi mwake.

"Marehemu mke wangu alikuwa akisema huyu wa kushoto ndiye yeye," alisema. "Eti anatazama pembeni kwa sababu amenunuliwa badala ya safari. Sasa, Shirouzu, mimi nitakuuziaje mtu ambaye bado amekwama?"

"Na hizo nyingine? Moja tu imekuchukua miezi miwili, nayo ni nusu. Kwa mwendo huu utamaliza zote ukiwa na miaka themanini na nne."

"Kama nitafika."

"Hesabu hiyo umeifanya kweli?"

"Nimeifanya. Haijatosha kunifanya niache."

Wakati huo kitu kilikuwa kikikwaruza upande wa pili wa meza. Nobue, ambaye hakuwa ameulizwa lolote, alikuwa amechukua tsuba ya pili na kipande chake mwenyewe cha pembe, ameinamisha kichwa kama anavyoinama juu ya kinywa cha mgonjwa, na vumbi jekundu lilikuwa limeshaanza kutua juu ya gazeti.

"Ile hesabu yako, Baba, ilikuwa ya mikono mingapi?" aliuliza bila kuinua macho.

 Mzee Iwao akasogeza taa katikati ya meza, ili iwaangaze wote wawili.

Bwana Shirouzu alikunywa chai yake, akaaga, na mlangoni akauliza wapi hupatikana pembe nzuri.

Korongo wa kushoto alitoka wakati wa theluji ya kwanza, na shingo yake ilikuwa imegeukia pembeni kama zamani. Tsuba sita kutu ilikuwa imezila hadi moyoni, hazikuokolewa. Zile nyingine zilisafishwa moja baada ya moja, kabla ya chai, na katika majira ya kuchipua ya mwaka wa tano baba na binti waliiweka ya mwisho katika droo yake, nyeusi na tulivu. Kutu ilikuwa na haraka ya kula, wao walikuwa na subira ya kubandua, na ushindi ulikwenda kwa wenye subira. Hakika, bandu bandu huisha gogo.