Boksi Lililokuwa Kimya

Kulikuwa na baba mmoja aliyekuwa na magari mengi kuliko mtu yeyote mjini kwao. Naona baadhi yenu mmeshakaa sawa kwenye benchi. Tulieni. Magari yake yote yalienea ndani ya kabati moja la sebuleni, na lori lake kubwa kuliko yote lingeweza kuegeshwa juu ya kitabu cha nyimbo ulichoshika.

Yalikuwa magari ya kuchezea, yale ya zamani, ya chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, yenye milango inayofunguka na vitairi vya mpira. La kwanza alilinunua akiwa masomoni ng'ambo, kijana mwembamba mwenye koti la kuazima, na siku hiyo alilala bila kula. Baada ya hapo hakuacha. Akisikia mtu anasafiri, hakuagiza shati wala saa, aliagiza gari. Akarudi nyumbani, akaoa, akajenga, akanunua kabati la vioo lenye kufuli, na magari yakaingia humo.

Lakini sikilizeni yalivyoingia. Yaliingia yakiwa ndani ya maboksi yake. Huko ng'ambo aliambiwa kwamba mkusanyaji wa kweli hafungui boksi. Gari likishatolewa na kushikwashikwa, limeshuka hadhi. Kwa hiyo mgeni akija alisimamishwa mbele ya kabati, akaonyeshwa maboksi. Ya karatasi ngumu, kila moja limechorwa picha ya gari lililomo ndani. Mgeni anatikisa kichwa, anasema, "Aisee, mzee, una hazina humu." Amesifu nini huyo? Amesifu karatasi. Na mwenye nyumba anashukuru.

Baba huyo alikuwa na binti, mtoto wake wa pekee, na binti alipenda magari. Wanasesere hakuwa na habari nao. Alikuwa anabandika pua kwenye kioo cha kabati mpaka kioo kinaota ukungu, na baba anapita na kitambaa, anafuta ule ukungu, anasema, "Haya si ya kuchezea, mama." Hebu nisaidieni, nyie mliosoma. Gari la kuchezea ambalo si la kuchezea, ni la nini?

Miaka ikaenda. Mama wa nyumba akafariki. Binti akawa mhasibu katika mji wa mbali, akawa anapiga simu kila Jumapili, zile simu za umekula, umekunywa dawa, haya Baba, usiku mwema. Mnazijua. Simu ambazo hata ukizipokea ukiwa umelala hukosi kitu.

Kisha macho ya baba yakaanza kuzimika. Madaktari walijaribu. Jicho moja likafunga kabisa, la pili likabaki na mwanga wa kama mtu aliye nyuma ya pazia. Hapo akampigia binti yeye mwenyewe, na haikuwa Jumapili.

"Njoo na kompyuta yako. Nataka magari yaorodheshwe, moja baada ya jingine."

"Baba, si una daftari?"

"Daftari liliandikwa na mtu mwenye macho. Na mchwa wameshalisoma kuliko mimi. Weka humo kwenye mashine, siku nikiondoka shangazi zako wasije wakayagawa kama karanga."

Binti akaomba likizo. Lakini kabla ya kufunga begi, alifungua droo, akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso, akakitia ndani ya mkoba. Nitawaambia sasa hivi ni nini, maana siwapendi wahubiri wanaoficha vitu ili waonekane wana kina.

Lilikuwa lori la bluu. Alipokuwa darasa la pili, siku moja kabati lilisahauliwa wazi. Alitoa lori kwenye boksi lake, akarudisha boksi mahali pake likiwa tupu. Hakuna aliyesema neno. Na kwa kuwa baba hafungui maboksi, mnakumbuka, binti aliamini kwamba baba hajui. Alilichezea lori lile mchangani nyuma ya jiko mpaka likang'oka mlango, likapoteza tairi. Akaenda nalo shule ya bweni, akaenda nalo chuo. Na tangu wakati ule hakuweza kuingia sebuleni kwao bila macho yake kwenda kwanza kwenye boksi, ndipo yaende kwa baba yake. Hilo ndilo lililokaa katikati ya watu wawili hawa. Hawakuwa na ugomvi. Walikuwa na boksi.

Sasa binti akaona njia imefunguka. Baba haoni. Atalirudisha lori kimyakimya, ataandika kwenye kompyuta kwamba ni zima, na jambo litakuwa limeisha bila mtu kuaibika. Msimhukumu haraka. Wangapi kati yetu tumemwomba Mungu afumbe macho kidogo tu, tupitishe kitu?

Wakakaa mezani. Baba akawa anamwelekeza namna ya kupanga faili: safu ya aina, safu ya mwaka, safu ya rangi. "Na ya hali," akasema. "Hali iwe na madaraja. La juu kabisa liite Kamili. Weka na maana yake pale juu, mtu asije akabisha baadaye: Kamili ni gari ambalo halijaguswa na mtoto."

Binti akaandika. Hakuinua uso.

Kazi ikaanza. Binti analeta boksi, anasoma maandishi, baba analipokea, analipapasa pembe zake, analirudisha.

"Hali?"

"Kamili."

"Na hili?"

"Kamili."

Safu ile ikashuka Kamili, Kamili, Kamili, kama mtoto anayekariri sala huku akiangalia sufuria. Binti alikuwa ameweka na safu ya maelezo, ikiwa baba ana la kusimulia. Ilibaki nyeupe. Baba angesimulia nini? Vidole vyake havikuona lolote, boksi ni boksi. Na gari ambalo halijawahi kutoka lina habari gani?

Wakafika rafu ya chini. Binti akachukua lile boksi. Akafungua leso, akalitia lori ndani taratibu, akafunga kifuniko, akaandika Kamili kabla hajaulizwa. Akamkabidhi baba boksi.

Baba akapapasa pembe. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa mengine. Akalileta boksi karibu na sikio, akaliinamisha. Ndani, lori likajikokota kwenda upande mmoja, likagonga ukuta wa karatasi.

"Umeandika nini kwenye hali?"

"Kamili, Baba."

Akaliinamisha upande wa pili. Lori likarudi, likagonga.

"Boksi hili limekuwa kimya miaka yote," baba akasema. "Lori limerudi lini?"

Baba akalifungua lile boksi, mtu ambaye hakuwahi kufungua boksi, akalitoa lori, akaanza kulisoma kwa vidole.

"Mlango uko wapi?"

"Uling'oka mchangani."

"Na hii iliyokaa mahali pa tairi ni kitu gani?"

"Kandambili. Nilikata kipande kwenye kandambili ya mama."

Baba akaanza kucheka, kicheko cha mzee, kile kinachoanzia mabegani. "Mama yako, Mungu amrehemu, alitega sumu kwa ajili ya kandambili ile. Panya wa watu wakafa bila hatia."

"Ulijua, Baba?"

"Nilijua siku ileile. Nilikuta kabati wazi, nikashika boksi, jepesi. Nikatoka na mkanda mkononi, sitakudanganya. Nikafika dirisha la jikoni. Ulikuwa umelaza shavu mchangani, unanguruma. Ulikuwa unapandisha mlima Kitonga na mzigo mzito. Nilijua kwa ulivyokuwa unabadilisha gia."

"Kwa nini hukuniita?"

"Dereva hasemeshwi mlimani."

Kisha binti akauliza lile ambalo alikuwa ametembea nalo tangu alipokuwa anabandika pua kwenye kioo. Akauliza kwa sauti ndogo, ya darasa la pili.

"Sasa kwa nini hukunipa tu?"

Mzee akalizungusha lori mikononi. Alikuwa amefunga kabati jioni ile kama kawaida, na kesho yake, na kesho kutwa, na kufuta ukungu kwenye kioo.

"Niliogopa utaliharibu."

"Nililiharibu."

"Ndiyo," baba akasema. "Na leo nimeshika maboksi tangu asubuhi, mwanangu, na hili ndilo gari pekee nililoliona."

Akaliweka mezani, akalisukuma. Likaenda likichechemea kwa ile kandambili, likafika kwa binti. Binti akalisukuma kurudi. Mzee akalidaka kwa kiganja, kwa kufuata mlio wake tu.

Binti akajifuta uso kwa leso ileile. Lakini alikuwa mhasibu, na faili lilikuwa wazi. "Baba, hali niandike nini? Siwezi kuacha Kamili. Kanuni ni yako mwenyewe."

"Kanuni niliitunga vibaya. Ifute. Hilo ndilo Kamili."

"Na haya mengine yote?"

Baba akageuza uso kuelekea kabatini, kwenye mwanga wake mdogo wa nyuma ya pazia.

"Mengine andika Bado."

Ndugu zangu, mfano wangu umekwisha, na najua mnaniangalia mkisema moyoni, mchungaji, mimi sina vigari.

Una sahani. Nimekula kwenu, nyumba nyingi tu. Nimewekewa sahani zenye maua na ukingo wa dhahabu, na watoto wako wamekula jikoni kwenye plastiki iliyoungua. Nimekaa kwenye kochi la mmoja wenu likawa linanilalamikia kila nikigeuka, kwa sababu mpaka leo lina nailoni ya dukani. Nikauliza, tunamsubiri nani? Nikajibiwa, "Wageni, mchungaji." Mimi nilikuwa nani?

Lakini sahani ni jambo dogo. Kuna baba humu ndani anajua kucheka. Kijiweni wote wanamjua kwa kicheko chake. Nyumbani kwake kuna watoto wakubwa tu hawajawahi kukisikia. Anawatunzia? Kuna mama ana neno moja la kumwambia binti yake, neno zuri, amelifunga kwenye boksi tangu binti ana miaka kumi, anaogopa akilitoa litashuka hadhi. Na sisi wa majoho hatujabaki nyuma. Tuna huruma ya kutosha kwenye mahubiri. Gongeni mlango wa ofisi siku ya Jumatano muone kama huruma hiyo tutaifungua.

Tumejitungia kanuni mbaya, jamani. Tumeandika kwamba mtu kamili ni yule asiyeguswa. Ambaye hakukosea, hakupenda mtu asiyefaa, hakulia mbele za watu, hakuachwa, hakurudi. Tukaipa kanuni hiyo jina la utakatifu. Halafu tunapangana rafuni kila Jumapili, boksi kwa boksi, na nje tumechora picha ya kilichomo ndani.

Na wewe uliyekaa kule nyuma. Uliyekuja leo baada ya muda mrefu, ukachagua kiti karibu na mlango, ukitumaini kujirudisha mahali pako bila mtu kugundua. Wewe ndiye niliyekuja kwa ajili yako asubuhi hii. Mlango umeng'oka, najua. Kuna mahali umejiunga kwa kipande cha kandambili ili uweze kutembea. Usihangaike kuandika Kamili kabla hujaulizwa. Yule unayemficha hakuwahi kudanganyika. Alijua boksi ni tupu tangu siku ya kwanza. Alikuona kutoka dirishani ukiwa mlimani na mzigo wako, akaushusha mkanda, na kimya chake ambacho wewe ulikidhani ni kutojua, kilikuwa ni kukusubiri umalize kupanda. Leo ameliinamisha boksi, amesikia kitu kimegonga ndani. Unadhani anatafuta mkanda?

Sisi wengine ndio wa kuhurumiwa, sisi tuliojaa rafu, tusio na kovu wala cha kuandika kwenye safu ya maelezo. Siku moja tutashikwa mkononi na kuulizwa hali yetu, na jibu la wengi wetu litakuwa neno moja tu. Bado.

Nendeni nyumbani. Kabla ya kuvua viatu, tafuteni ufunguo wa kabati. Wali wa leo uleni kwenye sahani za wageni, nyinyi na watoto wenu, na yule mdogo anayeangusha vitu apewe ile yenye dhahabu. Ikivunjika, msiniletee kesi. Okoteni vipande, mwandike Kamili.